AFP (kipimo cha damu cha kufuatilia saratani ya korodani) ya mdogo wangu bado iko juu baada ya upasuaji, ina maana saratani imebaki?

Kaka wa Uyole:
Habari zenu wakuu. Mdogo wangu ana miaka 26, alipata uvimbe kwenye korodani ya kulia, hauumi, mzee akasema busha hilo litapita, tukapoteza miezi minne. Tulivyoshuka mjini akapigwa altrasaundi, wakachukua damu, wakaitoa korodani kwa kupasua kwenye kinena. Kabla ya upasuaji AFP ilikuwa 800 na HCG 300, leo siku ya saba AFP 410, HCG 9. Mama analia tu. Halafu HCG si ndio ile ya kipimo cha mimba jamani, mwanaume anaitoa wapi?

Maabara Iringa:
Pole sana kaka. Usisome namba moja, soma inavyoshuka. AFP hutengenezwa na mtoto akiwa tumboni kwa mama, HCG inatoka kwenye kondo la nyuma, sasa hizi seli za saratani zinarudia tabia za huko mwanzo ndio maana hata mwanaume anakutwa nazo. Korodani imetoka ila kilichokwishaingia kwenye damu kinaisha taratibu, AFP inapungua nusu kila siku 5 mpaka 7, HCG kila siku moja au moja na nusu. 800 kuja 410 kwa wiki ndio mwendo wake kabisa! Kufika kawaida ni mwezi na kitu. Ikigoma njiani au ikapanda ndio wanatafuta mabaki kwenye tezi za tumboni au mapafu. Ana homa ya ini? Mwambieni daktari, ini likiumwa nalo linapandisha AFP.

Mnyalu wa Mafinga:
Mimi nilitolewa moja na nina watoto wawili baada ya hapo, mwambie dogo asikate tamaa. Vipimo vyangu vya damu vilikuwa safi kabisa na bado ilikuwa saratani, kwahiyo hata vikishuka msiache kliniki na sitiskani. Majibu ya kinyama (ile korodani iliyopelekwa kupimwa maabara) yakija yameandikwa seminoma tupu, yaani aina moja ya saratani ya korodani bila kuchanganyika na nyingine, mkumbusheni daktari hiyo 800, maana seminoma tupu haitoi AFP na matibabu yanabadilika. Na damu mpimie maabara ile ile kila mara.

Kaka wa Uyole:
Asanteni sana, nimemsomea mama yote. Kinyama bado, tunarudi Alhamisi, na homa ya ini hajawahi kupimwa, nitaliuliza hilo kwanza.