Intafesi kwenda kwenye miksa: TRS, TS, XLR au RCA?

kwaya_mwanza
Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni fundi mitambo wa kwaya hapa Mwanza. Tumepata intafesi (kifaa cha kuingiza na kutoa sauti ya kompyuta) ya Focusrite Scarlett 2i2 ili midundo itoke kwenye laptop, ipite kwenye intafesi, iingie kwenye miksa ya chaneli kumi. Intafesi itakaa kwa mpiga kinanda na miksa iko nyuma ya ukumbi, kwa hiyo waya utatambaa kama mita 12. Intafesi ina matundu mawili ya pini kubwa kwa nyuma. Kwenye miksa, chaneli za mwanzo zina tundu linalopokea XLR (pini ya maiki yenye miguu mitatu) na pini kubwa humohumo, kisha kuna chaneli za stirio zenye L na R, halafu RCA (matundu madogo mekundu na meupe). Dukani nimeonyeshwa waya za namna nne: pini kubwa yenye mistari miwili myeusi (TRS), yenye mstari mmoja (TS), TRS kwenda XLR, na TS kwenda RCA. Muuzaji anasema zote zitapiga. Hela ni za michango ya wanakwaya, sitaki kununua mara mbili.

fundi_wa_tanga
Mkuu, zitapiga zote, ni kweli. Swali ni sauti itafika na nini mgongoni.

Kwa mita 12 chukua TRS kwa TRS, mbili, moja ya kushoto na moja ya kulia. Matundu ya nyuma ya 2i2 hutoa sauti kwa nyuzi mbili: ncha ya pini inabeba sauti, pete inabeba sauti ileile ikiwa imepinduliwa, na sehemu ndefu ya chini ni ardhi. Kelele za njiani, za taa, nyaya za umeme au simu, zinaingia kwenye nyuzi zote mbili sawasawa. Zikifika, miksa inachukua tofauti ya nyuzi hizo. Kelele zinafutana, sauti inabaki. TS ina uzi mmoja tu wa sauti, kwa hiyo kilichoingia njiani kinafika spika. TS ya mita 3 hadi 5 natumia bila wasiwasi. Ya mita 12 siweki.

nairobi_jukwaani
Naunga mkono TRS, ila msiidharau TRS kwenda XLR. Hapa kumbi nyingi nyaya zilizokwisha kulazwa kutoka jukwaani hadi kwa miksa ni za XLR, basi mimi huchomeka TRS kwenye intafesi na XLR kwenye boksi la jukwaani. Nayo ina nyuzi mbili na ardhi: mguu wa 1 ardhi, wa 2 sauti, wa 3 sauti iliyopinduliwa. Uwezo wa kuzuia kelele ni uleule. Na XLR inajifunga, mtoto akikanyaga waya haichomoki.

fundi_wa_tanga
Kama waya, tuko pamoja. Ninachoogopa ni tundu la upande wa miksa. Kwenye miksa nyingi ndogo, XLR inaelekea kwenye kikuza sauti cha maiki, na maiki inaleta milivolti chache tu. Intafesi inatoa sauti ya laini, yaani yenye nguvu zaidi ya ile ya maiki, ambayo kwa vifaa vya kitaalamu kipimo chake ni +4 dBu, yaani kama volti 1.23. Hata ukirudisha gaini (kitufe cha kukuza sauti inayoingia) chini kabisa, unaweza kusikia sauti ikipasuka. Tundu lilelile ukiingiza pini kubwa katikati yake, miksa inaelewa ni laini.

Jambo la pili ni kitufe cha 48V. Umeme ule wa kuwasha maiki za kondensa unapita kwenye miguu ya 2 na 3 ya XLR. Ukiwa umewashwa, unarudi moja kwa moja kwenye matundu ya kutolea sauti ya intafesi. Nimewahi kupokea intafesi iliyokufa upande wa kulia kwa njia hiyo, na mwenyewe alikuwa ameitunza kama yai. Kwenye miksa nyingi ndogo kitufe ni kimoja kwa chaneli zote, kwa hiyo ukiwasha kwa ajili ya maiki ya kwaya umewasha na kwa intafesi. Pini kubwa haipokei umeme huo kwenye tundu la namna hii. Kwa sababu hiyo peke yake ningemwambia TRS.

nairobi_jukwaani
Hilo la 48V nakubali. Mimi huweka DI boksi kati (kisanduku kinachotenganisha intafesi na miksa), na kwa maelezo yake ndugu wa Mwanza haihitaji.

kinanda_pwani
Kaka wa Mwanza, naomba niongeze onyo moja. Kuna watu wanachukua sauti kwenye tundu la hedifoni kwa waya mmoja wa TRS, wanaingiza kwenye chaneli moja ya miksa. Nilifanya hivyo kwenye harusi. Ngoma zilisikika kwa mbali, na mwimbaji hakuwepo kabisa! Kwenye hedifoni ncha ni kushoto na pete ni kulia, na miksa inatoa kulia kutoka kwenye kushoto. Kila kilicho katikati, hasa sauti ya mwimbaji na besi, kinafutika. Nilibadilisha maiki mbili nikidhani ndizo mbovu. Tumia matundu ya nyuma.

bukavu_studio
RCA iache kwa redio na simu. Matundu hayo yanasubiri −10 dBV, kiwango kidogo cha vifaa vya nyumbani, na tofauti yake na +4 dBu ni karibu dB 12. Tena waya wake una uzi mmoja kama TS.

kwaya_mwanza
Asanteni sana. Nimechukua TRS mbili za mita 15, nimeingiza L na R ya chaneli ya stirio. Sauti ni safi, ila nikichomeka chaja ya laptop kuna muungurumo mdogo. Nikichomoa unaisha. Rafiki anasema nikate mguu wa ardhi wa chaja.

fundi_wa_tanga
Usikate! Mguu huo unalinda maisha ya atakayeshika laptop. Muungurumo unatokea kwa sababu laptop na miksa zinapata ardhi kwenye soketi mbili tofauti, na kati yao umeme unazunguka kwenye ngao (wavu wa ardhi unaozunguka nyuzi) ya waya wako. Vuta ekstensheni moja, laptop na miksa zinywe hapohapo. Ikigoma, tafuta transfoma ya kutenganisha sauti, uiweke kati ya intafesi na miksa.

kwaya_mwanza
Nimevuta ekstensheni kutoka kwenye miksa. Kimya kabisa, hata nikipandisha gaini. Jumamosi tuna mazoezi, nitarekodi niwawekee.