Kirikuu au Land Rover 109 ya mjomba? Shamba lipo Uporoto

Kijana_wa_Isyonje

Habari za jioni wakuu. Nina ekari 4 za viazi na moja ya pareto huku milima ya Uporoto, Mbeya. Kutoka Isyonje unaingia ndani kama kilomita 6. Kiangazi boda zinafika hadi mlangoni, hakuna shida. Mvua ya Desemba ikishakolea, ule udongo mweusi unageuka uji, na mwenye boda anakutoza 8,000 kwa gunia moja, tena anakuangalia kama vile anakupa msaada. Msimu uliopita magunia 11 yalibaki shambani mpaka yakaota.

Nimejibana nimepata milioni 5. Kuna kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, Mwanjelwa, namba C, mwenyewe anataka 4 na nusu. Upande mwingine mjomba wangu ana Land Rover 109, Series III ya petroli, imelala nyuma ya nyumba yake tangu 2014. Anataka milioni 2 na nusu. Tairi zimekaa chini, kuku wanataga ndani, ila bodi bado nzima kabisa. Kazi yake ya mwisho ilikuwa kubeba wanakwaya.

Sitafuti gari la kwendea mjini. Nataka la kutolea viazi, kuletea mbolea na kuni, na Jumapili niwapakie watoto tuzunguke kidogo, maana wanangu gari wanalijua kwa kulipungia mkono tu. Mke wangu anasema kirikuu. Mimi nimeshaipenda ya mjomba. Nisaidieni kabla sijafanya ujinga. Naomba kuwasilisha.

Dogo_Mafinga

Mkuu tafuta guta la mtumba, lile la mizigo la matairi matatu, ubaki na chenji. Hiyo 109 itakufilisi. Lita moja, kilomita 5, na hapo barabara iwe imekauka. Halafu petroli huko si mnauziwa kwenye chupa za maji?

Kijana_wa_Isyonje

Guta jirani yangu alishajaribu. Lilimshinda kwenye kilima, likarudi kinyumenyume na mzigo wake hadi mtoni. Mtu hakuumia, ila viazi vilioshwa kabla ya kufika sokoni.

Mwalimu_Pareto

Mwanangu, mimi nipo Matamba, mwalimu mstaafu, na hayo magari mawili unayoulizia nimeyamiliki yote. Nilianza na kirikuu nikaishia na 109. Sikusimulii ya kusikia.

Kirikuu nilikipenda. Kinakunywa kidogo, spea zake ziko kila kona, na fundi yeyote anakijua. Lakini injini yake ni CC 660, kwa sababu huko kwao Japani sheria haikiruhusu kigari cha aina hiyo kuzidi hapo, na mzigo wake halali ni kilo 350. Sasa tufanye hesabu ya darasa la tatu. Gunia kilo 100. Yanaingia matatu na nusu. Wewe unajua na mimi najua kwamba huku hajawahi kuzaliwa mtu wa kupakia matatu na nusu. Mimi nilikuwa napakia 7, na habari za lumbesa tusizitaje hapa. Kilikuwa kinalia kama mbuzi anayepelekwa mnadani, lakini kinabeba.

Kilichotuachanisha ni barabara yetu ya kushuka Chimala, ile Hamsini na Saba. Jina lake ndiyo idadi ya kona. Siku hiyo ilikuwa Machi, ukungu, magunia 7, nimeshapita kama kona 20. Nakanyaga breki, mguu unazama mpaka chini. Nikalazimisha gia ya kwanza, kikapiga ukelele ambao bado nausikia, nikakiegesha kwenye ukuta upande wa mlima. Kioo kikaenda, taa moja ikaenda. Nilikaa pale nusu saa naokota viazi, si kwamba nina haraka navyo, ni kwamba magoti yalikataa kazi nyingine. Kosa lilikuwa langu. Mlima niliupanda kwa gia ya kwanza, halafu nikaushuka kwa ya tatu, na mzigo mara mbili ya uwezo wake.

Nikakiuza. Nikanunua 109 kwa mzee mmoja wa Chimala, nikaiita Ngumbaru, kwa kuwa ilikuja kufundishwa kazi uzeeni.

Hiyo ya mjomba usidanganywe na bodi. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu. Waingereza walipoanza kuitengeneza mwaka 1948 chuma kilikuwa cha mgawo baada ya vita, wakatumia walichopata. Ndiyo maana kuku wameimwagia samadi miaka yote hii na bado inakutongoza. Kinachooza ni chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari zima, na chesisi ni chuma. Nenda na nyundo ndogo, ulale chini, ugonge kuanzia mbele hadi pale springi za nyuma zinaposhikilia. Ikilia ngii, sawa. Ikilia pu, kama gunia la pumba, hapo pana kutu imejificha ndani ya matope. Sehemu ya nyuma kabisa hata mchomeleaji wa mageti anaweza kuitia kiraka. Ikiwa imeoza katikati, mwachie mjomba na kuku wake.

Usije ukaiwasha siku hiyo hiyo kwa furaha. Petroli ya zamani imwage yote, imeshakuwa kama rangi. Toa plagi zote nne, kila tundu tia oili kijiko kimoja, ilaze hivyo usiku mzima. Kesho yake, plagi zikiwa bado nje, izungushe kwa hendeli, Series III ina nafasi yake pale mbele. Baadaye ukija kuiwasha kwa hendeli hiyo hiyo, kidole gumba kiwe upande mmoja na vingine, usiikumbatie. Injini ikirudisha teke inavunja kidole. Haya nayaandika kwa mkono ambao kidole chake kimoja hakinyooki.

Jambo la pili ni huu mwinuko wetu. Wewe uko juu ya mita 2,000 kama mimi. Hewa ni nyepesi, na injini inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kabureta yenyewe haina habari, inaendelea kumimina petroli kama iko Dar. Matokeo yake moshi mweusi, na plagi zinakuwa kama sufuria ya shule. Fundi aweke jeti ndogo, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli. Ngumbaru ilipobadilishwa jeti iliacha kukohoa wiki hiyo hiyo.

Ndani utakuta kitufe cha njano na wenzo mwekundu. Cha njano ukikibonyeza chini unapata fowili, yaani magurudumu yote manne yanavuta, ya mwendo wa kawaida. Mwekundu ukiuvuta nyuma unapata gia nzito, na fowili inaingia yenyewe. Watu wengi wanavikumbuka gari likishazama hadi tumboni. Weka kabla hujaingia topeni. Ukifika barabara ngumu toa, usiyanyonge madifu bure.

Huyo wa Mafinga hajadanganya kuhusu mafuta. Ila gari la shamba halihesabiwi kwa kilomita, linahesabiwa kwa safari. Kwenda na kurudi ni kilomita 12, na njia hiyo ikilowa weka lita 3, wala siyo 2 na nusu. Magunia 8 kwa bei ya boda ni 64,000. Toa hizo lita 3, uniambie kinachobaki.

Na watoto? Hapo kirikuu kikae pembeni. Kila Januari nawapakia wajukuu tunapanda hifadhi ya Kitulo, maua yamechanua, ile wanaita Bustani ya Mungu. Mwendo wenyewe ni 20 kwa saa, baridi inaingia kila upenyo, vile vioo vya kusukuma pembeni vikigoma kufunga tunaziba na kanga. Wajukuu wanabishana nani akae katikati, penye joto la gia. Yule mkubwa nimemfundisha kuendesha kwenye malisho, gia nzito, ya kwanza, mimi natembea pembeni kwa miguu nampa maelekezo, na nilikuwa namwacha nyuma.

Fundi_Uyole

Shikamoo Mwalimu. Nakubaliana na wewe karibu yote, ila umeanza na injini. Gari lililolala muda wote huo mimi naanza na breki. Silinda za kwenye magurudumu zitakuwa zimekamata, hozi za mpira zimekakamaa, na usishangae kukuta panya kajenga kwenye ngoma za breki. Badilisha kila kitu cha mpira kinachopitisha brekifluidi, usionjeonje. Klachi nayo inaweza kuwa imegandana na flaiwili. Hapo wengi wanakimbilia kusema gia boksi imekufa, kumbe haijafa.

Mkuu, milioni 2 na nusu ni nyingi. Tenga milioni moja na nusu ya matengenezo kabla haijabeba kiazi hata kimoja, halafu urudi kwa mjomba mkaongee kindugu. Na akija mtu kukushawishi ung'oe injini ufunge ya dizeli ya gari jingine, mwambie mwakani. Nimeona nyingi zimefungwa hivyo, injini inavuta vizuri, ila shafti na gia boksi ndizo zinaumia.

Angalia na kadi. Ipo? Jina ni la mjomba? Kama ni la mtu aliyeshafariki, mbio za TRA zitakuchosha kuliko chesisi. Ada ya gari ya kila mwaka iliondolewa 2017 ikaingizwa kwenye mafuta, kwa hiyo hiyo isikutishe. Bima ni lazima, hata kama unavuka lami tu kwenda upande wa pili.

Mwalimu_Pareto

Marahaba fundi. Umenisahihisha na uko sahihi. Tena mimi mwenye kisa cha breki ndiye niliyesahau breki.

Dogo_Mafinga

Naondoa hoja ya guta. Ila mke asemaje?

Kijana_wa_Isyonje

Shikamoo Mwalimu, na shukrani sana fundi. Nimerudi na majibu.

Jumamosi nilikwenda na nyundo. Mjomba alidhani nimekuja kumvunjia gari, akatoka na fimbo. Nikalala chini nikagonga. Mbele ngii, katikati ngii, nyuma kushoto ngii. Nyuma kulia pu, na kipande kikubwa kama kiganja kikaniangukia usoni. Nilipomwonyesha kile kipande alikaa kimya muda mrefu, mwisho akasema milioni 1 na laki 8, na hendeli juu. Kadi ipo, jina lake mwenyewe, aliitunza ndani ya Biblia.

Mke nilimpigia ile hesabu ya magunia 8. Akauliza swali moja tu: kwenye mvua, nani atakayesukuma? Nikamwonyesha alichoandika Mwalimu kuhusu wenzo mwekundu. Hajakubali, ila ameacha kulitaja lile la Mwanjelwa.

Watoto wameshagawana viti. Wamempa mama yao cha mbele.

Kimebaki kitu kimoja. Kwenye kiti cha dereva kuna kuku amelalia mayai 11, amekaa tangu Jumatatu. Mjomba amesema gari lake amelipunguza bei vya kutosha, kuku haamshwi na mtu, na gari halivutwi mpaka aangue.

Mwalimu_Pareto

Siku 21 kuanzia Jumatatu. Zinakutosha kutafuta hozi za breki.