Wodi zetu Kigoma: dripu inafika kwa wakati, maji ya kunywa hayamfikii mgonjwa

Wanajukwaa, salaam.

Nimejizuia kwa muda kuandika jambo hili, kwa sababu ninao wauguzi ndani ya ukoo wangu na sipendi kuonekana ninawalaumu watu wanaokesha kwa ajili yetu. Lakini niliyoyaona wodini tulipokuwa tukimuuguza mama yangu mdogo, aliyepooza upande wa kulia baada ya kupigwa na kiharusi, yamenizidi. Hospitali sitaitaja, maana jamaa waliouguza katika vituo vingine vya mkoa huu wananieleza yale yale, nami sitaki hoja hii igeuke kuwa ugomvi na jengo moja.

Malalamiko yangu ni haya. Muuguzi anafika kitandani na trei ya dawa, anachoma sindano, anarekebisha dripu, anaandika kwenye faili na kuondoka, ilhali mgonjwa huyo huyo amelalia shuka lililolowa mkojo, midomo imekauka hadi kupasuka, na kikombe cha maji kimewekwa juu ya kabati upande ule ambao mkono wake haufanyi kazi. Hakuna aliyemtukana wala aliyemnyima dawa. Ila kati ya wote waliopita pale, hakuna aliyeona kwamba kiu, uchafu na maumivu ya kulalia ubavu mmoja ni sehemu ya kazi yake ya siku hiyo. Mama mkubwa alipoomba kwa adabu, "Sista, tusaidie kumgeuza, sisi hatujui tumshike wapi," alijibiwa, "Mama, hiyo ni kazi ya ndugu, sisi tuna dawa za wodi nzima." Jibu lilitolewa kwa upole, kama jambo ambalo kila mtu analifahamu, na upole huo ndio ulionikasirisha zaidi kuliko ukali.

Hebu tuitazame hiyo inayoitwa kazi ya ndugu. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa takribani kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, la sivyo nyama ya kiunoni, nyongani na visiginoni inakosa damu na kuanza kuoza. Dalili ya kwanza ni doa ambalo ukilibonyeza haliondoki, na kwa mtu mweusi wekundu wake hauonekani kirahisi, hivyo panahitajika mkono uliozoea kupapasa ngozi na kutambua joto au ugumu usio wa kawaida. Mgonjwa wa kiharusi anatakiwa kupimwa kama anaweza kumeza kabla hajapewa hata kijiko cha uji, kisha alishwe akiwa ameketi wima, kwa sababu uji ukiingia mapafuni unaleta nimonia inayoweza kumuua. Haya yote tuliachiwa sisi, watu wa kuuza dagaa na kufundisha shule ya msingi, bila mtu wa kutuonyesha hata mara moja. Muuguzi aliyesomea miaka miwili au mitatu anapomwachia kazi hiyo shangazi aliyetoka shambani, kisha kidonda kikatokea, nani atawajibika? Na anayemwogesha mgonjwa ndiye anayeiona ngozi yake yote, anasikia pumzi yake, anagundua mguu ulioanza kuvimba na akili iliyoanza kupotea. Anayefika na sindano peke yake haoni zaidi ya mkono.

Tukubali basi, kwa dakika moja, kwamba ni kazi ya ndugu. Mbona ndugu wanafukuzwa? Asubuhi, wakati ambao mgonjwa amekaa na njaa tangu jana jioni, sote tunatolewa nje kupisha usafi na raundi ya madaktari, na mlinzi wa getini haelewi neno lolote kuhusu mtu asiyeweza kujilisha. Uji uliopikwa Ujiji au Mwanga unapoa mikononi mwa mtu aliyesimama kwenye foleni ya geti, huku ndani wauguzi wakiamini kwamba ndugu wamekwisha kumlisha. Saa za kuona wagonjwa zikifika, tunaingia kwa pamoja, tunalisha kwa pupa, tunabadilisha khanga iliyolowa, tunatolewa tena. Hospitali imetukabidhi kazi na papo hapo imetufungia mlango wa kuifanyia. Katika mambo yote niliyoyaona, hili ndilo ambalo sijapata mtu wa kunipa maelezo yake, kuanzia ofisi ya muuguzi mfawidhi hadi kwa mlinzi mwenyewe.

Na wasio na ndugu je? Mkoa wetu una watu wanaoletwa kwa boti kutoka vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika ambako barabara haifiki, na wengine wanashushwa kwenye treni wakitokea mbali. Anayemsindikiza anakaa siku mbili, fedha zinamwishia, anarudi kwa watoto. Kitanda cha jirani yetu kulikuwa na mzee wa namna hiyo. Waliomnywesha maji ni sisi, pamoja na wagonjwa wenzake waliokwisha kupata nafuu, na siku ambazo sisi hatukuruhusiwa kuingia sijui alikunywa nini.

Sasa nije kwenye sababu, maana sikubaliani na wanaosema kwamba wauguzi wa siku hizi hawana roho. Binti wa shangazi yangu ni muuguzi, na ananiambia kwamba mwaka wa kwanza chuoni walifundishwa kumwogesha mgonjwa kitandani, kumsafisha kinywa, kumtandikia shuka bila kumnyanyua, na walifanyiwa mtihani wa vitendo. Walipopelekwa wodini kwa mazoezi hawakumkuta hata mkubwa mmoja anayeyafanya. Wakajifunza haraka kwamba hizo ni kazi za mwanafunzi na za mhudumu wa wodi, na kwamba dalili ya kupanda daraja ni kutozigusa tena. Mwenye cheti anakaa karibu na kitanda, mwenye stashahada anasogea kwenye meza, mwenye shahada anakwenda ofisini na kwenye semina. Tumepanga utumishi kwa namna ambayo aliyesoma zaidi ndiye anayemwona mgonjwa kidogo zaidi, kisha tunashangaa.

Halafu kuna karatasi. Dawa isipoandikwa, mfuko wa bima unakataa kulipa, na aliyesahau anahojiwa. Dripu isipojazwa kwenye chati, daktari anauliza. Lakini mgonjwa asipogeuzwa usiku kucha, hakuna safu iliyo tupu kwenye fomu, hakuna dai linalokataliwa, hakuna anayeitwa kujieleza. Muuguzi aliye peke yake usiku na wodi iliyojaa atafanya lile litakaloulizwa asubuhi. Mimi pia ningefanya hivyo. Ongeza uhaba wa glavu, mashuka na sabuni, na maji yanayokatika, utaelewa kwa nini mtu anaacha kuangalia chini ya shuka: akishaona, itambidi atende, na hana cha kutendea.

Wala si umaskini peke yake. Mwaka 1960 mtafiti Isabel Menzies alichapisha uchunguzi wake kuhusu wauguzi wa hospitali kubwa ya kufundishia mjini London, akaeleza jinsi kazi ilivyokatwakatwa vipande ili kila muuguzi awaguse wagonjwa wengi kwa muda mfupi, na jinsi mgonjwa alivyoitwa kwa kiungo kinachoumwa na namba ya kitanda. Alionyesha kwamba mpangilio huo uliwakinga wauguzi na uchungu wa kukaa karibu na watu wanaoteseka na kufa. Uingereza hiyo hiyo, mwaka 2013, ilipokea ripoti ya Robert Francis kuhusu hospitali ya Stafford, ambako wagonjwa waliachwa kwenye uchafu wao na maji yakawekwa wasikoweza kuyafikia, wakati uongozi ukihangaikia hesabu za fedha na malengo ya wakubwa. Nchi tajiri, kikombe kile kile. Kwa hiyo anayetuambia tusubiri bajeti iongezeke ajue kwamba bajeti pekee haikisogezi kikombe.

Hata hivyo serikali haichomoki hapa. Miaka ya 1990 ajira zilibanwa, mwaka 1993 tukaanza kuchangia gharama hospitalini, na pengo lililobaki wodini tukaliziba sisi kwa mikono ya mama zetu, dada zetu na wake zetu. Tumeliziba vizuri kiasi kwamba halionekani tena kwenye hesabu za mtu yeyote. Muuguzi anayekosekana anaonekana kwenye ikama, yaani hesabu ya watumishi wanaotakiwa kuwapo. Mwanamke aliyelala sakafuni chini ya kitanda cha mgonjwa na kuacha duka lake limefungwa haonekani popote. Ndugu kumpenda mgonjwa wao na kutaka kumlisha kwa mkono wao ni jambo jema nami silipingi. Ninachopinga ni upendo huo kufanywa kuwa nafasi ya ajira isiyolipwa, isiyofundishwa na isiyo na ruhusa ya kupita getini.

Virginia Henderson, Mmarekani ambaye maelezo yake kuhusu kazi ya uuguzi bado yanafundishwa vyuoni, alihesabu mahitaji 14 ya mgonjwa, na mwanzoni kabisa aliweka kupumua, kula na kunywa, na kutoa haja. Ninachodai ni dogo kuliko hayo. Wakati wa kukabidhiana zamu, aliyepokea aelezwe nani amegeuzwa, nani amekunywa na nani hajasafishwa, sawasawa na anavyoelezwa dawa, na yaandikwe kwenye chati ambayo mkaguzi atakuja kuisoma. Anayeuguza mtu asiyejiweza apewe kadi ya kupita asubuhi, baada ya kuonyeshwa na muuguzi namna ya kulisha na kugeuza. Wahudumu wa wodi waajiriwe, na Baraza la Uuguzi na Ukunga likague usafi wa kinywa cha mgonjwa kwa uzito ule ule linaokagua leseni.

Wauguzi mlioko Kasulu, Kibondo, Uvinza, Buhigwe na hapa mjini, ninawaomba mnijibu bila matusi, nami sitawatukana. Usiku wa leo, katika wodi yako, mgonjwa asiyeweza kujigeuza na asiye na ndugu, nani kwa cheo chake ana wajibu wa kumgeuza, na asipomgeuza anaulizwa na nani?