Naomba ushauri: sakafu ya ukumbi wetu wa michezo chuoni inakwisha

Habari zenu wakuu. Mimi ni msimamizi wa michezo kwenye chuo kikuu kimoja hapa Tanzania. Tuna ukumbi wa ndani ambamo kila kitu kinafanyika humo humo: kikapu, netiboli, wavu, vinyoya, halafu mitihani na mahafali.

Sakafu ni ya mbao. Muhula uliopita vilipangwa viti vya chuma vya mitihani bila kutandikwa chochote, na sasa karibu na goli moja kuna mikwaruzo ambayo ukucha unaingia. Juzi binti wa netiboli alijikwaa hapo akateguka kifundo cha mguu. Iliniuma sana, maana nilishaomba turubai mara mbili nikaambiwa nisubiri bajeti.

Jambo la pili ni mistari. Kikapu ni mita 28 kwa 15, netiboli 30.5 kwa 15.25, wavu 18 kwa 9, vyote juu ya sakafu ileile. Vyote vimepakwa nyeupe, wachezaji wanachanganyikiwa, hata refa inabidi aulize.

Mliowahi kusimamia ukumbi wa aina hii, nisaidieni. Mbao zilizokwaruzika hivi zinatosha kupigwa msasa na vanishi upya, au ni kubadilisha vipande? Wakati wa mitihani mnatandika nini kisichofungia unyevu chini yake? Na rangi za mistari mnazigawaje? Mahafali yamekaribia na viti vinarudi tena, hata jibu fupi litanisaidia.