Mkao wangu umepinda: kocha wa bayomekanika, kamba ndefu, au mazoezi ya chini?

Hatamu_Laini
Habari zenu wapanda farasi. Huu ni mwaka wangu wa saba kwenye tandiko na nimekwama. Farasi wangu ni jike mpole. Tukizunguka kushoto hana neno; tukigeukia kulia analalia bega la ndani na duara linakuwa yai. Kila mwalimu niliyepita kwake ameniambia yaleyale: keti wima, shusha visigino, tia mguu wa ndani. Nafanya, na yai linabaki yai. Juzi rafiki alinirekodi video kwa nyuma. Bega langu la kulia limeshuka, ubavu wa kulia umejikunja, makalio yamesogea kushoto. Kumbe huenda mpindo ni wangu, na mnyama wa watu anaufuata tu.

Nina njia tatu na uwezo wa kulipia moja: kocha wa bayomekanika ya mpandaji (yaani jinsi mwili unavyokaa na kusogea juu ya farasi), anayekuja mara moja kwa mwezi; masomo ya kamba ndefu kila wiki, ambapo mwalimu humshika farasi kwa kamba akimzungusha nawe unapanda bila rikabu wala hatamu; au mazoezi ya chini, kama Pilates (mazoezi ya kuimarisha kiwiliwili), pamoja na mtaalamu wa viungo. Aliyejaribu zaidi ya moja aniambie ipi ilimbadilisha.

Nyonga_Huru
Nimepitia zote tatu, na jibu langu ni kocha wa bayomekanika, hata kama ni mara moja kwa mwezi.

Mwalimu wa kawaida humtazama farasi, kisha akakwambia la kufanya. Huyu anautazama mwili wako. Nusu ya somo langu la kwanza farasi alikuwa amesimama. Kocha alinishika fupanyonga kwa mikono miwili akauliza: mfupa gani wa kukalia unausikia zaidi, wa kushoto au wa kulia? Wa kulia nilikuwa siusikii kabisa. Akanisogeza na kuninyoosha, nami nikalalamika kwamba naanguka upande. Akanionyesha picha: nilikuwa wima kama mlingoti. Hisi yangu ilikuwa imeuzoea mpindo hadi ikauona ndio unyoofu. Ndiyo maana "keti wima" haikunifaa miaka yote ile. Nilikuwa natii, lakini kwa wima ule ambao mwili wangu uliujua.

Kuhusu visigino, ukivisukuma chini kwa nguvu, kifundo na goti vinakakamaa, mguu unatangulia, na kiwiliwili kinabaki nyuma ya mwendo. Kocha alinipa swali ambalo bado najiuliza kila siku: farasi akitoweka ghafla chini yako, utatua kwa miguu, kwa makalio au kwa uso? Sikio, bega, nyonga na kisigino vikiwa kwenye mstari mmoja, utatua kwa miguu. Wala si jambo jipya. Xenophon, Mgiriki wa karne ya 4 KK, alishauri mpandaji asikae kama aliye kitini bali kama aliyesimama ametanua miguu.

Tumbo nalo hukazwa kama unapotaka kukohoa, ila pumzi iendelee kushuka. Na kwenye mchakamchaka, ule mwendo wa farasi wa kudundadunda ambao mpandaji huinuka na kuketi kufuata mapigo, wengi wetu tukiinuka hujisukuma juu kwa rikabu, kisha tunachelewa kushuka na kumwangukia farasi mgongoni. Nyonga inatakiwa ipite mbele na juu kwa upinde, goti likiwa bawaba. Nilipolipata hilo, farasi wangu alirefusha shingo mwenyewe.

Ubaya wake: wiki za mwanzo unapanda vibaya kuliko jana. Na usipofanya kazi uliyoachiwa, mwezi ujao mnaanza upya.

Kamba_Ndefu
Dada Nyonga amesema vizuri, lakini nitaitetea kamba. Katika Shule ya Upandaji ya Kihispania kule Vienna, wanafunzi huanza kwa kamba ndefu, bila rikabu wala hatamu, na hukaa humo muda mrefu kabla ya kuachiwa farasi. Sababu ni nyepesi: mkono usio na hatamu hauwezi kujishikilia mdomoni mwa farasi. Unalazimika kutafuta mizani yako kiunoni. Baada ya miezi minne nilikuwa nakaa kwenye mchakamchaka bila kurushwa, kitu ambacho maneno ya mwalimu hayakuwahi kunipa.

Nyonga_Huru
Kaka, hapo tuko pamoja kwa mtu anayebana kwa hofu. Ila Hatamu_Laini amejikunja upande mmoja, na duara lenyewe linamsukuma mpandaji nje. Akizungushwa kulia kila wiki bila mtu wa kumrekebisha mfupa kwa mfupa, atauzoeza mwili mpindo uleule hadi uwe mgumu. Labda anayeshika kamba awe huyohuyo kocha.

Kamba_Ndefu
Hilo nalikubali. Anayeshika kamba lazima ajue kutazama. Na vipindi viwe vifupi, dakika 20 hivi, kwa kubadili upande mara kwa mara, kwa sababu duara linamchosha farasi kuliko wewe.

Tiba_ya_Viungo
Natibu watu na ninapanda. Kabla hujalipa popote, jipime nyumbani. Chukua mizani mbili za kupimia uzito, simama mguu mmoja kwenye hii, mwingine kwenye ile, utazame mbele, mtu mwingine asome. Kisha simama kwa mguu mmoja mbele ya kioo: je, nyonga ya upande wa pili inashuka? Kaa kitini juu ya viganja vyako uone kama mifupa miwili ya kukalia inakugandamiza sawa.

Ukiwa umepinda hata ukiwa chini, kocha atakurekebisha juu ya farasi na utarudi ulipokuwa ukianza shoti, kwa sababu msuli hauna nguvu ya kushikilia alichokuonyesha. Ukiwa umenyooka chini na kupinda juu tu, mazoezi yangu yatakusaidia kidogo. Hapo tatizo ni hisi, au ni vifaa. Kukalia mpira mkubwa ni kuzuri, lakini mpira haukubebi kwenda mbele, na sehemu kubwa ya kazi ya kiwiliwili cha mpandaji ni kwenda na mwendo huo.

Fundi_Tandiko
Nilikuwa nasubiri mtu ataje vifaa. Ndugu yangu, pima mikanda ya rikabu. Wengi hupandia upande wa kushoto kila siku, kwa hiyo mkanda wa kushoto huvutika ukawa mrefu hata kama matundu yanalingana. Ivue yote miwili, iweke sambamba, uinyooshe. Halafu mtazame farasi kwa nyuma akiwa ametandikwa: je, katikati ya tandiko iko juu ya uti wa mgongo? Farasi mwenye bega moja nene hulisukuma tandiko upande, na hakuna kocha wa kumnyoosha mtu aliyekaa juu ya tandiko lililopinda. Pia lisivuke ubavu wa mwisho, ule wa 18.

Na daktari wa mifugo amtazame. Kulalia bega kunaweza kuwa maumivu.

Hatamu_Laini
Nimerudi. Daktari amemkagua na kumjaribisha akitembea na akichapuka, hana tatizo. Mizani: kilo 3 zaidi mguu wa kushoto. Nyonga haishuki nikisimama kwa mguu mmoja. Mikanda ya rikabu nimeilaza sakafuni kama Fundi alivyosema. Wa kushoto umezidi kwa upana wa vidole viwili. Miaka yote hii nimekuwa nanyoosha mguu wa kushoto kuifuata rikabu, na ubavu wa kulia unajikunja ili nisianguke. Nilikaa chini na ile mikanda mkononi nikalia kidogo, kwa ajili ya farasi wangu zaidi.

Nimeshanunua mipya. Yai limepungua ila halijaisha. Nadhani sasa nimlipe kocha.

Nyonga_Huru
Mlipe. Mwili wako bado unaikumbuka mikanda ya zamani. Kabla hajaja, bandika utepe mweupe kwenye shati kufuata uti wa mgongo, weka simu kwenye kimo cha tandiko, katikati kabisa nyuma yako, urekodi mwendo wa kawaida na mchakamchaka kwenye mstari ulionyooka. Usirekodi duara, linadanganya macho. Na kuanzia leo pandia kwenye ngazi, leo kushoto, kesho kulia.

Tiba_ya_Viungo
Na ile mizani irudie baada ya wiki sita, utuletee namba.