Mjadala: Luke Cage, msimu wa kwanza, tuupe alama ngapi?

MLETA MADA
Asalaam alaykum wakubwa na wadogo. Barazani kwetu Michenzani tumegawika: msimu wa kwanza wa Luke Cage, tamthilia ya Netflix, ule uliotoka Septemba 2016, mzuri au mbovu? Anayesema "nusu mzuri, nusu mbaya" naye atoe alama moja. Asijifiche katikati.

Kwa asiyeuona: Luke ni jamaa wa Harlem, New York, risasi haimpenyi. Mchana anafagia nywele kwa kinyozi mzee Pop, usiku yumo katika klabu ya Cornell Stokes, kwa jina la mtaani Cottonmouth, muuza silaha. Binamu yake Cottonmouth, Mariah Dillard, ni diwani. Sehemu ziko 13. Mpaka ya saba adui ni Cottonmouth. Hiyo ya saba anauawa, na kiti chake anapewa Diamondback, ambaye mpaka hapo tulikuwa tukimsikia jina tu. (Atakayesema nimemtolea utamu anisamehe, ni muvi ya 2016.)

Msimamo wangu: msimu umeanguka, na aliyeuangusha ni huyo aliyepewa kiti. Kifo chenyewe sikigombi. Mahershala Ali alimfanya Cottonmouth awe mtu. Anacheka, halafu kicheko kinakatika ghafla na wewe uliyekaa unaogopa. Anasimama mbele ya picha kubwa ya Notorious B.I.G., yule mwanamuziki wa rap, mwenye taji, na taji linaonekana limemkaa yeye. Miezi mitano baada ya msimu kutoka, mwigizaji huyo huyo akabeba Oscar kwa Moonlight, kwa hiyo sisemi kwa mapenzi yangu tu. Sehemu ya saba inatupeleka utotoni mwake, mtoto aliyetaka piano akatiwa bunduki mkononi na Mama Mabel, mlezi wao. Ndiyo kwanza tumemjua, anabishana na Mariah, anamtupia kwamba yale maovu aliyofanyiwa na mjomba Pete aliyataka mwenyewe. Mariah anamsukuma dirishani, anamfuata chini na kummaliza kwa stendi ya maikrofoni.

Adui mpya si huyo hapo? Amezaliwa mbele ya macho yetu, sababu tunaijua, na damu bado mbichi. Waandishi wakampita kama hawakumuona. Wakatuletea mtu wa aya za Biblia kila akifungua mdomo, risasi za madini ya kutoka anga za mbali zinazompenya hata Luke, na siri kwamba yeye na Luke ni baba mmoja. Ndugu wa baba mmoja anayelipa kisasi, jamani! Hilo kila tamthilia ya jioni inalo.

Natoa 6 kwa 10.

MTU WA WETE
Yakhe, nyinyi wa mjini mnapenda adui anayekaa kitini akazungumza. Sehemu ya 12 umeiangalia au ulishalala? Method Man, mwanamuziki wa rap, anaokolewa na Luke dukani, anakwenda redioni kumghania, na watu wa Harlem wanatoka mitaani wamevaa masweta ya kofia yenye matundu ya risasi ili polisi wasijue yupi ni yupi. Trayvon Martin aliuawa Florida mwaka 2012 akiwa kijana wa miaka 17, hana silaha, kavaa sweta la namna hiyo, na Mike Colter aliyemcheza Luke amelisema hilo mwenyewe. Mweusi aliyevaa sweta la kofia na risasi hazimuui: maana yote ya muvi imo humo, na imo katika hiyo nusu unayoitupa. Asingekuwepo Diamondback kuua polisi kwa jina la Luke, Luke asingewindwa.

Halafu Diamondback hakuokotwa njiani. Vitabu vya katuni vya Luke vilipoanza mwaka 1972 yeye alikuwepo. Cottonmouth na Mariah walikuja baadaye. Natoa 8.

KIJANA WA DARAJANI
Mimi nauliza kuhusu yale mavazi tu. Sehemu ya mwisho, mapigano ya kumaliza msimu, Harlem nzima imesimama inatazama, Diamondback anatokea kavaa kama mtu anayekwenda kuzamia pweza. Wazanzibari tuna televisheni ya rangi tokea miaka ya 1970, wakati bara hawajaanza, tusidanganywe na vitu kama vile. 5.

BI MKUBWA WA CHUKWANI
Wanangu, nyote mnahesabu wanaume. Mnagombania nani adui na nani steringi, na Mariah yuko mbele yenu. Baada ya kuua, alitetemeka. Shades, yule mtu wa Diamondback, ndiye aliyemwambia la kufanya. Mlitaka asubuhi yake awe mkuu wa majambazi? Mwanamke aliyekimbia jina la Stokes maisha yake yote hageuki usiku mmoja. Tazameni anachofanya: polisi anauawa, yeye anapanda jukwaani klabuni kuwatia watu hofu, na risasi za Diamondback zinaingia mikononi mwa polisi. Diamondback kelele zote zile, mwisho anapigwa anaanguka. Nani amebaki klabuni? Mariah na Shades wake. Na Luke yumo garini anarudishwa kifungoni Georgia, alikotoroka zamani. Alfre Woodard kaucheza mwendo huo taratibu, wenye haraka hamkuuona. Na Misty Knight, yule mpelelezi wa polisi, hata hamjamtaja. 8, na ningetoa 9 kama si hayo mavazi anayoyasema kijana.

MLETA MADA
Shikamoo Bi Mkubwa. Hayo ya Mariah nayakubali yote, na ndiyo hoja yangu: kwa nini nimfuate kwa kuchungulia nyuma ya bega la Diamondback? Baada ya sehemu ya saba Luke anapelekwa Georgia na Claire, yule nesi, akiwa na risasi ya Diamondback mwilini, Harlem inabaki nyuma, na saa nzima zinakwenda kwa habari za baba yao na za gerezani. Msimu wa pili, 2018, walipomweka Mariah mbele na kumletea Bushmaster, Mjamaika mwenye deni la kweli na ukoo wa Stokes, hadithi ilisimama. Kumbe walijua.

Wa Wete, masweta nayapenda kama wewe. Lakini umesahau jambo: kifo cha Cottonmouth, Mariah na Shades walimbandika nani? Luke. Kuwindwa kulikwishaanza. Hakukuhitajika ndugu wa baba mmoja.

MTU WA WETE
Haya, na huyo diwani wako angempiga kwa nini mtu asiyepenywa na risasi? Kwa hotuba?

MLETA MADA
Kwa hotuba. Pale klabuni watu walikwenda naye.

BI MKUBWA WA CHUKWANI
Na hotuba ile imo katika nusu gani, mwanangu? Irekebishe hiyo 6.

MLETA MADA
Siirekebishi. Msimu wa pili naupa 8.