Viwanja vya wazi vya Tanga: meza za jioni sawa, fremu za maduka hapana

Ndugu zangu wa Tanga, naomba tujadili pendekezo kwamba viwanja vya wazi vizungushiwe fremu za maduka, na kodi yake igharimie usafi, taa na miti. Wanaolitetea wana hoja ya kweli, maana eneo lisilo na mwangalizi hugeuka jalala, na bango la "Usitupe taka" halijawahi kufagia kiwanja.

Hata hivyo nalipinga, kwa sababu fremu ikishajengwa haiondoki. Mpangaji ataomba kuongeza stoo nyuma, kisha choo, na siku atakapotakiwa kupisha atadai fidia, hivyo kiwanja kitamegwa kutoka pembeni hadi katikati bila kikao chochote kuamua kukifuta. Huko Ngamiani, ambako barabara huitwa kwa namba na nyumba zimebanana, kiwanja kikipotea watoto hawana pengine pa kucheza, wafiwa hawana pa kufunga turubai, na maji ya masika hayana ardhi ya kuzama.

Sipingi biashara. Bustani ya Forodhani kule Unguja ilipofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati, wachuuzi wa vyakula walibaki na sehemu yao: jioni hupanga meza, usiku huziondoa, na asubuhi bustani ni ya kila mtu. Kiwanja chetu cha Tangamano nacho hupokea mikutano ya hadhara na maonyesho, kisha hubaki wazi. Ushuru wa shughuli za namna hiyo, ukitengewa fungu lake na matumizi yake yakasomwa kwenye mkutano wa mtaa, unaweza kumlipa mtunzaji.

Ufukweni, kuanzia Raskazone, msimamo wa sheria unajulikana: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Naomba kipimo hicho cha udumu kitumike pia katika viwanja vya mitaani, vipimwe na kuwekewa bikoni za mipaka, na mchoro wa mipango miji ubandikwe katika ofisi ya serikali ya mtaa, mahali ambapo hata mama anayefuata barua ya utambulisho atauona.

Anayetetea fremu atujibu hili: mkataba ukiisha, nani atazibomoa, na kwa fedha za nani?